Makaburi Mawili ya Amosi Hadilo

Tangu tumzike baba, kuna makaburi mawili yenye jina la Amosi Hadilo kule Maramba, na katika lile la kwanza amelala mzungu. Hayako mbali moja na jingine. Ukisimama kwenye msalaba wa baba unaliona la mzungu kwa chini kidogo, karibu na mikonge iliyoachwa ikajiotea yenyewe, limezungushiwa mawe na kupandwa mishubiri. Mgeni akipita hapo atadhani ni baba na mwanawe. Wapo wenyeji wanaodhani hivyo pia, na hawakuanza leo.

Msiba ulipokwisha, baba zangu wadogo walikoroga chokaa kwenye ndoo ili wapake mawe ya kaburi jipya. Mimi nilikuwa barazani na mama, tunakunja mikeka ya watu. Chokaa ikikutana na maji hutoa harufu kama ya moto usio na moshi, inakwaruza puani halafu inatulia. Nilikuwa sijainusa kwa miaka mingi, kwa sababu Mabawa, Tanga mjini, ninakoishi sasa, watu wanapaka rangi za kopo. Iliponifikia niliacha mkeka nikakaa. Nilikuwa tena mtoto wa darasa la tatu, nimeshika kopo la maji, namfuata babu.

Babu yangu mzaa baba, Mzee Maganga, alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Tanga kukata mkonge akiwa kijana na hakurudi tena Tabora. Alioa Mbondei, akapata shamba la minazi na mihogo, akazeeka Maramba. Aliniita mke wangu, kama babu wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na bibi naye akaniita mke mwenziwe ili apate sababu ya kunituma.

"Mke mwenzangu, mumeo ana kiu," alikuwa akisema, naye mwenyewe yuko jirani na mtungi.

Kila Jumamosi babu alichukua ufagio wa chelewa akateremka kwenye kaburi la mzungu. Alifagia majani, akang'oa magugu, nami nikamwagilia mishubiri ingawa mishubiri haihitaji maji. Karibu na Krismasi na Pasaka alipaka mawe chokaa. Nilimuuliza mara moja huyu aliyelala hapa ni nani wetu. Alijibu bila kuacha kufagia.

"Huyu ni msiba wangu."

Nikaridhika. Nilidhani msiba ni namna ya ndugu, kama mtu anavyoweza kuwa mjomba wako au shemeji yako, na kwa muda mrefu niliwaambia wenzangu shuleni kwamba sisi tuna msiba wetu mzungu.

Habari yenyewe niliipata kwa bibi, kwa vipande, akikuna nazi au akichambua mchicha, na nimeipanga mwenyewe hivi. Bwana Hadilo alikuwa Mmarekani mwenye shamba la mkonge. Watu walimshangaa, maana wazungu wa mkonge waliowazoea walikuwa Wagiriki na Waingereza. Hakuwa na mke wala mtoto aliyejulikana. Mkonge uliposhuka na wenzake wakafunga mizigo, yeye alibaki katika nyumba yake ya mabati mekundu, na humo homa ikamuua. Babu alikuwa nyapara kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yabaki nyuzi. Bibi alikuwa mpishi wa nyumba ile ya mabati.

Katika kambi ya wakata mkonge waliishi watu wa kila kabila, wote mbali na kwao, na kwa sababu hiyo taratibu za kuzikana zilikuwa kali. Mtu wa ugenini haogopi kufa sana kama anavyoogopa kufukiwa kama mbwa. Kaburi lilichimbwa na watani. Watani hao, kwa Wanyamwezi, walikuwa Wabondei na watu wengine wa pwani, na wao ndio waliokuwa na ruhusa ya kucheka penye maiti, kumwigiza marehemu na kumtania mfiwa hadi alegeze moyo. Lakini watani hawashiki jembe kabla hawajaonyeshwa mwenye msiba, mtu wa kukaa mkekani akapewa pole. Siku ile waliuliza, "Msiba huu wa nani?" Hakuna aliyejibu. Wakauliza tena. Maiti ilikuwa ndani, jua linapanda, na mkeka uko wazi.

Babu akaenda akaukalia.

Bibi alisema hakuna aliyemtuma. Mzee Mhina, mtani mkubwa wa babu, Mbondei, wakati huo kijana, alimtazama kwanza kuona kama amekaa kweli au amechoka kusimama. Halafu akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya marehemu, akatembea kambi nzima akifoka, "Korona imesimama kwa nini? Nani kaniibia siku?" Watu wakacheka hadi wakalia. Akaja kumsimamia babu pale mkekani.

"Mnyamwezi, mababu zako walibeba mizigo ya kila mtu kutoka bara hadi pwani. Wewe leo umejitwika mzungu mzima."

Aliyekalia mkeka amechukua vyote. Anafagia kaburi maisha yake yote, na mtoto wa kwanza kuzaliwa kwake baada ya hapo hurithi jina la marehemu, ili asipotee. Bibi tayari alikuwa mjamzito. Alizaliwa baba, akaitwa Amosi Hadilo, jina zima, kwa kuwa jina la marehemu halikatwi. Padri akalibatiza hivyo, na mwalimu wa darasa la kwanza akaliandika hivyo. Wadogo zake wote waliitwa kwa jina la Maganga. Yeye peke yake, mtoto wa kwanza, ndiye aliyekwenda duniani bila jina la baba yake.

Sijui kama babu alilifikiria hilo alipokaa mkekani. Ninachojua ni kwamba baba alikuwa mweupe kidogo kuliko wadogo zake. Si sana, hata kaka yake bibi alikuwa na rangi ile. Lakini bibi alipika katika nyumba ya mabati mekundu, na mimba ilikuwa tumboni mzungu alipokufa. Mambo mawili kama hayo yakikaa karibu, watu huyaozesha. Baba alikua akiitwa Mzungu na wenzake mpirani, na alipogombana na mtu juu ya mpaka wa shamba, hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la mgomvi wake: nenda ukadai kwa baba yako kule kwenye mishubiri.

Mgeni alikuja nikiwa darasa hilo la tatu, wakati wa likizo, siku ya kazi, asubuhi. Alikuwa mama mzee mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na viatu vya kupandia milima, akifuatana na kijana wa Nguvumali aitwaye Shabani aliyemfasiria. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshawafikisha kaburini. Walilikuta limefagiwa, chokaa bado inang'aa. Mama yule akauliza nani analitunza, akaambiwa ni Mzee Maganga. Akauliza kama mzee ana watoto, akatajiwa wa kwanza. Shabani alitueleza baadaye kwamba mama yule aliposikia jina la Amosi Hadilo, alikaa chini palepale kwenye udongo.

Nyumbani mama yule alitandika juu ya jamvi karatasi ndefu, ndefu kweli, iliyokunjwa kama kitenge kipya. Ilichorwa mti. Shabani alisema ukoo wa mama huyu ulihamia Amerika kwa jahazi kutoka Uingereza, zamani nchi ile ikiwa bado koloni, wakachukua mashamba na kuzaana, na yeye tangu astaafu kazi yake ilikuwa kumtafuta kila mmoja wao, tawi kwa tawi, makaburini na makanisani. Alikuwa amewapata wote. Tawi moja tu lilikatika: kaka wa babu yake, aliyeondoka bila kuaga na hakuandika tena. Amosi.

"Anasema hajawahi kulikuta kaburi la mtu wao lililotunzwa hivi," alisema Shabani. "Hata kwao."

Kisha mama yule akatoa penseli. Majina mengine yote yalikuwa ya wino. Chini ya Amosi wa kwanza akachora mstari mfupi na kuandika jina la baba.

Mimi nilijua kuandikwa maana yake nini. Mwaka uliotangulia wageni walikuja shuleni wakaandika jina la rafiki yangu Neema, na haukupita muda akachukuliwa kwenda shule ya bweni Lushoto. Niliingia ndani nikachukua viatu vya baba, vile vya kwendea kanisani, nikavificha kwenye banda la kuku nyuma ya matetea yanayoatamia. Mtu hawezi kwenda Marekani pekupeku. Baba alipoitwa kutoka shambani akavikosa, akavaa kandambili za babu zilizokuwa mlangoni, na ndivyo alivyotoka katika picha zote za siku ile.

Watu walishajaa uani. Mzee Mhina alikuwa ameketi kizingitini, mahali pake pa kila siku. Babu alikuwa kwenye kigoda chake. Mama yule akazungumza, Shabani akasema:

"Anauliza, huyu Bwana Amosi ni mtoto wa nani?"

Mzee Mhina hakumpa mtu nafasi.

"Mnyamwezi, leo umepatikana. Mwenye mtoto wake amekuja. Mrudishie, umelea vya kutosha."

"Nitamrudisha," babu akajibu palepale, "na wewe umsindikize, maana Mbondei kwa kula vya kulelewa hajambo."

Ua mzima ukacheka. Walikuwa wakisemezana hivyo tangu siku ya mkeka, na utani ule ule ulipokuwa mkali ndipo tulipojua wamepatana. Lakini Shabani alikuwa kazini. Maneno ya Mzee Mhina alikuwa ameshayafasiri, moja baada ya jingine, kama alivyofasiri mengine. Mama yule akaweka kiganja mdomoni. Akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," alisema Shabani, na sasa alikuwa akitazama chini, "kwa hiyo mzee alimlea tu?"

Kicheko kilikatika. Mzee Mhina akasimama.

"Kijana, mwambie mimi ni mtani."

"Nimemwambia mlikuwa mnafanya mzaha."

"Si mzaha. Utani. Wewe si mtoto wa pwani?"

Shabani akajaribu tena, maelezo marefu kwa mikono miwili. Mama yule alisikiliza, akaitikia kwa kichwa polepole, macho yamelowa, kama mtu anayeelewa kabisa kwa nini wazee huficha mambo. Mzee Mhina akakaa. Utani hauombewi radhi. Ukiombewa radhi unageuka tusi, wa leo na wa miaka yote iliyopita.

Basi mama yule akamgeukia baba mwenyewe, akamuuliza kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili ya safari, neno moja moja:

"Bwana Amosi. Baba yako nani?"

Babu alikuwa kwenye kigoda, umbali wa mkono. Baba alitazama kandambili miguuni mwake. Nilisubiri aseme Maganga. Kila mtu alisubiri.

"Mimi naitwa Amosi Hadilo," alisema.

Lilikuwa jibu la kweli. Babu alinyanyuka, akachukua ufagio ukutani ingawa haikuwa Jumamosi, akateremka kuelekea kwenye mikonge. Mzee Mhina, ambaye hakukosa la kumsindikizia maisha yake yote, alivuta tu miguu apite.

Hapo ndipo kilipotolewa kichupa. Kilikuwa cha plastiki, kirefu kama kidole, chenye kifuniko cha buluu. Shabani alieleza kwamba mtu hutema mate humo, yakapelekwa kupimwa, na mate yataonyesha ukoo wa mtu hata asipoujua. Bibi alikuwa mlangoni pa jiko, mikono imejaa unga.

"Mate ya mtu hayasafiri bila mwenyewe," alisema.

"Mama," baba akaanza.

"Nani amekuambia huna baba?"

"Hakuna aliyeniambia. Lakini nimetupiwa neno hilo tangu nipate akili. Leo na mimi nataka kuuliza."

"Niulize mimi."

Alisema bila ukali. Akajifuta mikono kwa kanga, akashuka kutoka jikoni, akasimama mbele ya mwanawe, mbele ya mgeni, mwenyekiti na majirani, akasubiri. Kuku walikuwa wakilia bandani kwa sababu ya viatu. Baba alitazama kuelekea kwenye mikonge. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hakuna maneno ya Kiswahili ambayo mtoto wa kiume anaweza kumuulizia mama yake jambo lile akabaki mtoto.

"Nakwenda kuomba ruhusa kwa mzee," alisema, akashika kichupa akaondoka.

Nilijaza kopo langu nikamfuata, kama ilivyokuwa kazi yangu. Babu alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Baba akachuchumaa kando ya mishubiri, akamweleza habari ya kichupa.

"Hicho ndicho cha kutemea?" babu akauliza.

"Ndicho, baba."

"Na kikisema wewe ni wa huyu?" Akagonga jiwe kwa mpini wa ufagio.

"Kwani nikijua nitaacha kukuita baba?"

"Hutaacha," babu alisema. "Utaanza kuniita kwa huruma."

Baba alikigeuza kichupa mkononi. Upepo ulileta harufu chachu ya makapi ya mkonge kutoka shamba la ng'ambo, lile ambalo lilikuwa bado linafanya kazi. Babu akaniona.

"Mke wangu, hilo kopo lina udongo. Liache hapo, nenda kamchotee mgeni maji ya mtungini."

Nikaenda. Baadaye baba alirudi, kichupa kimejaa hadi kwenye mstari, akakikabidhi. Mama yule akamkumbatia, akamkumbatia na bibi ambaye alisimama kama nguzo, gari likaondoka. Jioni mama yangu alivikuta viatu, vimechafuliwa na kuku. Baba aliponiuliza nikamwambia nilitaka asiende Marekani. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha hakuwa anacheka tena, na mama akaniondoa.

Majibu yalikuja baada ya miezi, kwa simu ya Shabani. Hakuna undugu. Mtu aliyetema mate yale hana tone la ukoo wa Hadilo. Baba aliweka simu mezani, akatoka nje, akamsimulia babu kwa sauti ambayo majirani wangeisikia, na majirani waliisikia. Mzee Mhina alikuja mbio kwa mkongojo.

"Mnyamwezi, pole. Umebaki na mzigo wako."

"Nimezoea kubeba," babu akasema, na utani ukaanza tena kana kwamba haukuwahi kukatika. Jina la baba kule kwenye karatasi ndefu nadhani lilifutwa. Penseli hufutika. Maneno ya mpirani na ya mipaka ya shamba yakaisha. Babu alipokufa, baba alikaa mkekani kama mtoto wake wa kwanza, na watani walipouliza msiba huu wa nani, hakuna aliyegeuka kutazama mishubiri. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyefagia, Jumamosi kwa Jumamosi, lile la mzungu na la babu.

Baba zangu wadogo walitaka msalaba wa baba uandikwe Maganga. Mama alikataa. Alisema baba mwenyewe aliagiza jina lake lisikatwe.

Shabani amenipigia tena, siku chache baada ya mazishi. Sasa ni mtu mzima mwenye kampuni yake ya wageni. Yule mama alishafariki. Binti yake ameirithi karatasi, anasema vipimo vya siku hizi ni bora kuliko vya wakati ule, na anaomba mate yangu. Nilimweleza bibi. Ni mkongwe, haoni vizuri, lakini anasikia kila kitu.

"Mke mwenzangu, fanya utakavyo," alisema. "Mimi nilisimama nikasubiri kuulizwa. Ilikuwa mara moja tu."

Sijamjibu Shabani. Ninachokijua mimi ni hiki, na sijakiongeza wala kukipunguza. Siku ile ya kichupa, babu aliponituma maji, nilipofika kwenye mikonge niligeuka. Baba alikuwa bado amechuchumaa, kichwa kati ya magoti. Babu alikuwa amesimama, kichupa sasa kiko mkononi mwake, anajifuta mdomo kwa kiganja. Huenda alikuwa ametoka kunywa maji ya kopo langu. Jioni nilipolifuata lilikuwa tupu, lakini mishubiri yote ilikuwa imemwagiliwa.